Shindano la Kusimama katika Kina cha Mikindu

Mama Kishungi alikuwa na kijiti mdomoni. Upande mmoja wa kiota ulikuwa umelegea, na usipotiwa kijiti kipya kabla ya upepo wa mchana, mtoto mmoja angeanguka mtoni, kama mto wa kuangukia ungekuwapo. Makinda wake watatu walikuwa chini ya tumbo lake wakigombana. Kishungi, mkubwa, alikuwa amemkalia Tope. Tope, kwa kuwa hakumweza Kishungi, alikuwa akimdonoa Kitinda, mdogo wao.

"Mwacheni," alisema Mama Kishungi huku amebana kijiti.

Yangeyange akatua kwenye tawi la karibu. Yangeyange hupanda mgongoni kwa Nyati kutwa nzima, na kwa kuwa Nyati huenda kila mahali, hakuna habari inayompita.

"Shoga, weka hicho kijiti chini," alisema.

"Nikikiweka nitaanza kukitafuta tena. Sema."

"Mumeo harudi kushika zamu."

Kijiti kikaanguka. "Amekufa?"

"Amesimama."

"Korongo wote husimama, Yangeyange."

"Huyu amesimama hasa. Wote wamesimama. Simba amemtuma Sungura aje kuwatazama korongo wanavyoishi mtoni. Atakayesimama bila kutikisika kuwashinda wenzake atafanywa Mlinzi wa Mto, na samaki wote watakuwa wa nyumba yake. Leo si siku ya kwanza. Ina maana Baba Kishungi hakukwambia?"

Baba Kishungi hakumwambia. Jana na juzi alirudi jioni na koo tupu, akasema samaki wamekuwa wajanja, akalala.

Mwaka ule mvua ilikuwa imekosa njia. Mto ulikatika vipande, na vipande vikakauka kimoja kimoja, hata ikabaki mahali pamoja tu penye samaki, Kina cha Mikindu, nyuma ya mkuyu walimojenga korongo. Baba alivua asubuhi, mama akavua mchana, na mwenye zamu ya nyumbani alikaa juu ya watoto ili jua lisiwaue. Hivyo ndivyo walivyokuwa wakipita mwaka. Zamu moja ikikosekana, mtoto mmoja hukosekana.

Sasa ni lazima ijulikane kwamba kwa korongo kusimama si kupumzika. Ni kazi, na ni heshima. Kijana akienda kuposa, wakwe humsimamisha ndani ya maji na kumtazama kutoka ukingoni. Konokono akimpanda mguu na kijana asiushtue, amepata mke. Akiushtua, hurudishwa kwao, na mama yake hapiti tena karibu na mkuyu ule. Kwa hiyo korongo hutazamwa mara moja maishani, siku ya posa, na maisha yake yote yaliyobaki husimama bila mtu wa kumsifu. Sungura alilijua hilo. Alichowaletea hakikuwa kikubwa. Aliwaletea macho ya kuwatazama.

"Nikalie watoto," alisema Mama Kishungi.

"Mimi?"

"Unakaa juu ya nyati. Hawa watatu watakushinda?"

Akaruka.

Katika Kina cha Mikindu korongo walikuwa wamejipanga upande wa juu, penye maji haba, shingo zimenyooka, mguu mmoja umekunjwa. Hakuna aliyepepesa jicho. Juu ya kichuguu alikaa Sungura, amejitwika jani la mbono kichwani kuzuia jua. Mara kwa mara alisema "Mmm." Akisema "Mmm", korongo aliyekuwa mbele ya macho yake alijinyoosha kwa ndani, bila kutikisika.

"Karibu, mama," alisema Sungura. "Unashindana au unatazama?"

"Nimekuja kuvua."

"Kuvua ni kutikisika. Utawavuruga wenzako maji. Hayo si maneno yangu. Mimi ni mjumbe tu, Mfalme ndiye aliyesema."

Mama Kishungi akatembea hadi kwa mumewe. Samaki aina ya perege, mnene kuliko waliowapata mwezi mzima, alikuwa akizunguka mguu wa Baba Kishungi kana kwamba ni unyasi.

"Baba Kishungi."

Hakugeuza hata jicho.

"Baba Kishungi, zamu yako ilikuwa asubuhi."

"Usinisemeshe," alisema mumewe kwa pembe ya mdomo. "Natazamwa."

"Kitinda hajala tangu jana."

"Leo jioni nashinda. Baba Mafunjo kope imemcheza, nimemwona."

"Kuna perege mguuni kwako."

"Namjua. Asubuhi kambare alinilamba kidole, sikumwangalia hata mara moja." Alisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyetoa zaka.

"Baba Kishungi, mdomo," aliita Sungura kutoka kichuguuni. "Kusema nako ni kutikisika. Ukirudia nakutoa."

Baba Kishungi akafunga mdomo. Mkewe alimtazama shingo, akamtazama mguu uliokunjwa, akamtazama yule perege. Akataka kumdaka, lakini korongo wote walimkodolea macho kwa pembeni, na Baba Mafunjo akaguna. Perege akaenda zake, taratibu, kama mwenye nyumba.

Mama Kishungi akafuata alikokwenda yule samaki. Kina kile kina mlango wake, mfereji mwembamba unaotoa maji kati ya matete kwenda dimbwi la chini. Siku zote korongo husimama mlangoni, maana samaki hupita hapo mmoja mmoja. Leo hapakuwa na mtu. Wote walikuwa wamehamishiwa upande wa juu, kwa sababu Sungura alisema mlangoni jua linamwingia machoni na hawezi kuwatazama vizuri.

"Ahaa," alisema Mama Kishungi.

Akaingia ndani ya matete, akakunja mguu, akavuta shingo mabegani, akasimama. Hakusimama kwa kushindana. Alisimama kama mtu mwenye watoto nyumbani.

Punde matete yakachakarika, akatokea Fisi akiburuta mgono, kapu refu la fito lenye shingo nyembamba. Samaki huingia humo kichwa mbele na hajui kutoka. Fisi akauzamisha katikati ya mfereji, akaketi, akaanza kuutazama na udenda ukimtiririka. Mgongo ukamwasha. Akatafuta kisiki cha kujikunia, akakiona kimoja chembamba cha kijivu, akajikuna nacho mpaka akafumba macho kwa raha. Kisiki kilikuwa mguu wa Mama Kishungi. Hakutikisika.

Jua lilipokaa utosini Sungura akaja kutoka kichuguuni, akiwa amewaambia washindani kwamba mjumbe naye hupewa ruhusa ya kunyoosha miguu.

"Wamo?" aliuliza.

"Wamo. Nimewasikia wakigonga fito." Fisi alikwisha kuuvuta mgono ukingoni. "Tugawe, Bwana Sungura. Nina njaa."

"Wewe huna njaa, wewe ni njaa yenyewe. Haya. Utaratibu unaujua."

"Kichwa changu, mkia wako," alisema Fisi kama mtoto anayesomeshwa, "katikati ya Mfalme."

"Vizuri."

Sungura akamkata samaki wa kwanza vipande vitatu, kisha wa pili, kisha wengine. Fisi akala vichwa. Vilikwisha kabla hajavitafuna.

"Lakini Bwana Sungura, mbona nyama yote iko katikati?"

"Ndiyo maana ni ya Mfalme. Ulitaka Simba ale mikia?"

"La, sikusema hivyo. Anaipata yote?"

"Nampelekea kwa mikono yangu."

"Mwambie Fisi anamsalimu."

"Kila siku namwambia. Anasema wewe ni raia mwema, na angekuwa na kumi kama wewe nchi ingetulia."

Fisi akafurahi hata akalamba magamba yaliyobaki. Sungura akafunga vipande vya Mfalme ndani ya jani lake la mbono, akazunguka nyuma ya mafunjo, akaketi na kuvila vyote. Mtu atasema sungura hali samaki. Mwaka wa ukame maswali hayo hayaulizwi.

Wawili hao walipoondoka, samaki mdogo aliyechomoka wakati wa kugawa alikuwa akirukaruka topeni. Mama Kishungi akamchukua, akaruka naye hadi kiotani, akamnyooshea Kitinda mdomoni. Kishungi akapitisha shingo kati yao, akampokonya na kummeza.

Kitinda hakulia. Hilo ndilo lililomshtua mama yake. Kinda anayelia ana nguvu ya kula. Kinda asiyelia, ndugu zake humtazama kwa namna nyingine, na asubuhi ya pili humsukuma ukingoni mwa kiota, bila ubaya wowote, kama mtu anayeondoa kijiti kilichooza. Mama Kishungi alikuwa ameyaona hayo katika viota vya jirani. Hakuhitaji kuambiwa kwamba leo usiku lazima uingie na chakula.

"Huyu mdogo macho yake siyapendi," alisema Yangeyange polepole.

"Hata mimi. Kaa naye katikati, wale wakubwa wawe pembeni."

"Unakwenda kumwambia mumeo?"

"Mume wangu anatazamwa."

Alipita, hata hivyo, juu ya kina, akamwambia Mama Mafunjo, ambaye naye alikuwa kwenye mstari, kwamba samaki wao wanaingia mgononi kwa Fisi. Mama Mafunjo alijibu kwa pembe ya mdomo, "Ukikosa ushindi, shoga, usituletee wivu." Basi Mama Kishungi hakupoteza pumzi nyingine. Akainuka juu zaidi na kwenda mwambani kwa Simba.

Simba alikuwa amelala juu ya jiwe lake, wake zake wamemzunguka kwenye kivuli. Mwaka wa ukame Simba huwinda kidogo na hunguruma sana.

"Shikamoo, Mfalme."

"Marahaba. Miguu mirefu hiyo imeleta nini?"

"Nimekuja kuuliza tu, nisije nikawa nimewasingizia watu. Vipande vya katikati vinakufikia vikiwa vizima?"

"Vipande vya nini?"

"Vya samaki."

Mke mmoja wa Simba akageuka upande, mabega yakimtetemeka. Mwingine hakujitesa, akacheka waziwazi. "Ndiyo maana nyumbani hali," alisema. "Kumbe mume wetu anakula perege."

Simba akasimama. "Mimi, samaki?"

"Ndivyo anavyosema mjumbe wako, Mfalme. Kichwa cha Fisi, mkia wa Sungura, katikati ya Simba. Kila siku."

"Mjumbe gani?"

"Uliyemtuma atutazame sisi korongo tukisimama."

Mwingine angekasirika kwa sababu ameibiwa jina. Simba alikasirika kwa sababu wake zake walikuwa bado wanacheka. Akashuka jiweni na kushika njia ya mtoni, na Mama Kishungi akaruka juu yake, chini chini, kama anayeonyesha mgeni choo kilipo.

Kule kwenye kina, korongo walipomwona Simba hawakukimbia. Walidhani amekuja kutoa tuzo. Shingo zilinyooka zaidi ya pale zilipoweza kunyooka. Baba Kishungi alijiinua hata akawa amesimama juu ya ukucha mmoja, na machozi ya fahari yakamlenga, lakini hakuyaacha yadondoke, maana kudondosha nako ni kutikisika.

Sungura akateremka kichuguuni haraka. Kichwa chake kilikuwa kimeshafika mbali kabla ya miguu yake kugusa chini.

"Mfalme, karibu. Kazi uliyonituma inaendelea vizuri."

"Nilikutuma?"

"Umesahau, Mfalme. Mwenye nchi ana mambo mengi."

Lilikuwa jibu zuri. Pengine kwa mfalme mwingine lingefaa. Lakini Simba alitazama mstari wa korongo, akamtazama Fisi aliyekuwa akichungulia kutoka kwenye matete, akamwona Nyati aliyekuja kunywa akisikiliza, na akajua la kujibu.

"Simba hasahau," alisema. "Ukisema nilikutuma, basi nilikutuma. Jina langu halitembei na uongo. Nilisemaje?"

Sungura akainamisha kichwa. "Ulisema anayesimama asitikisike."

"Endelea."

"Asiinue mguu. Asichovye mdomo. Asiseme neno, maana kusema nako ni kutikisika."

"Maneno ya busara, ndiyo yangu kabisa. Na mwisho wa shindano?"

"Ulisema, Mfalme, jioni nikiona hakuna mshindi, waendelee kesho."

"Je, nilisema mjumbe hashindani?"

Sungura akarudi hatua moja nyuma.

"Hilo sikumbuki kulisema," alisema Simba. "Na Simba hasahau. Ingia majini."

"Mfalme, miguu yangu ni mifupi, nita..."

"Ingia."

Sungura akaingia. Maji yalimfika kifuani na tope likamshika chini. Akakunja mguu mmoja kama alivyowaona wenzake wakifanya, akayumba, akajishika.

"Anayetazama sasa ni nani?" aliuliza Nyati, ambaye hakuwa ameulizwa.

Mama Kishungi akatua karibu na matete. "Bwana Fisi ana subira sana, Mfalme. Amekuwa akila vichwa siku zote hizi ili wewe upate katikati."

Fisi akatoka mzima mzima. "Na umevipata vipande, Mfalme? Salamu zangu je, umezipata?"

"Sijala samaki tangu nizaliwe," alisema Simba, kwa sauti kubwa ya kutosha kufika mwambani.

Fisi si mwepesi wa kufikiri, lakini katika mambo ya nyama hufika. Fikra ilionekana usoni mwake ikija kutoka mbali. Akamgeukia Sungura aliye majini.

"Sehemu ya katikati," alisema Fisi. "Yenye nyama yote."

Sungura alikuwa na majibu matano tayari, na kila moja lingemtoa. Ulimi ulimwasha. Lakini kusema nako ni kutikisika.

"Fisi," alisema Simba, "wewe ndiye mtazamaji. Akisimama vizuri, ni heshima yake. Akitikisika, sehemu ya katikati ni yako."

"Na kichwa?"

"Na kichwa."

Fisi akaketi ukingoni, mikono mbele, kwa adabu ambayo hakuna aliyewahi kumwona nayo. Hakupepesa.

"Na jioni, Mfalme?" aliuliza Nyati. "Nani ataamua?"

"Nitakuja kuamua mwenyewe," alisema Simba akiondoka, "nikipata nafasi." Kisha akakumbuka mstari wa korongo. "Na ninyi je? Nani aliwaambia mkae na njaa mbele ya samaki?"

Baba Mafunjo akatazama maji.

"Tulikuwa tunashindana, Mfalme," alisema hatimaye Baba Kishungi.

"Nani alikuwa akishinda?"

"Samaki," alisema Mama Kishungi.

Simba akaenda zake, na kwa mara ya kwanza siku ile shingo za korongo zikainama. Baba Kishungi akajaribu kupiga hatua, miguu ikakataa, akaanguka ubavu majini, mabawa wazi, kama nguo iliyoanikwa na mtu asiyejua kuanika. Korongo wakacheka kidogo, kisha nao wakajaribu kutembea, wakaanguka.

"Ukimaliza kuogelea," alisema mkewe, "mlangoni hapana mtu."

Wakavuta nje mgono, ambao Fisi alikuwa ameuzamisha tena, wakaupasua. Humo mlikuwa na perege kadhaa na kambare mmoja. Walinzi wa Mto wote, maana kila mmoja alikuwa amekwisha kujihesabu mshindi, wakapanga zamu ya mlangoni bila kelele. Mama Kishungi hakungoja mgawo. Alisimama penye mlango wa kina, mahali pake pa siku zote, na maji yakapita kati ya vidole vyake. Kivuli kimoja kikaja. Akangoja. Kikaja cha pili, kikubwa. Shingo ikaruka mara moja tu, na perege akapotea mdomoni, kichwa mbele, ili mapezi yasimkwaruze koo.

Baba Kishungi akasimama ng'ambo ya pili ya mfereji. Alichechemea, lakini alivua.

"Yule kambare aliyenilamba kidole," alisema mwishowe.

"Ndiyo."

"Nadhani ndiye niliyemmeza sasa hivi."

"Alikuwa mnene?"

"Sana."

"Basi usimsimulie mtu kwamba ulimwacha."

Sungura aliwasikia. Alikuwa palepale upande wa juu, masikio wima, mguu mmoja juu. Ruba walikuwa wamemjua kwamba si korongo, maana miguu ya korongo haina chakula cha ruba, na wake walikuwa laini. Perege waliokuwa wakimpita walimgusa tumbo kwa mapezi. Kerengende alitua puani kwake. Sungura alitaka kupiga chafya kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Fisi akaegemea mbele.

"Unataka kutikisika kidogo?" alimwuliza kwa upole. "Kidogo tu. Hata sikio."

Sungura hakutikisika hata sikio.

Jua lilipokaribia kuzama, Mama na Baba Kishungi wakarudi mkuyuni. Yangeyange alikuwa amekaa kama alivyoagizwa, Kitinda chini ya bawa lake, Kishungi na Tope pembeni, mmoja kila upande, wakimdonoa yeye badala ya mdogo wao.

"Manyoya yangu ya kifuani," alisema Yangeyange. "Hebu tazama. Nyati hanidonoi hivi."

"Ahsante, shoga. Kaa ule."

"Chakula chenu? Hapana, nitakula panzi." Akaruka haraka, maana alijua jinsi korongo wanavyopakua. Hawana upawa wala sahani. Mama hufungua mdomo na kutapika, na watoto hula moja kwa moja, na asiyeweza kutazama huondoka mapema.

Mama Kishungi akaanza na Kitinda. Aliweka mguu wake juu ya shingo ya Kishungi, si kwa nguvu, kwa uzito tu, akamfungulia mdogo mdomo. Kitinda hakuuchukua mara ya kwanza. Mama yake akangoja, kama alivyongoja mlangoni. Mara ya pili kinda akashika, akavuta, akameza, na shingo yake nyembamba ikavimba mahali samaki alipopita. Kisha akalia akitaka tena, kwa sauti mbaya, ya kukwaruza, iliyomuudhi kila mtu kiotani.

"Sawa," alisema mama yake. "Sasa Tope. Sasa wewe, na usinitazame hivyo, ulikula mchana."

Baba Kishungi akaja na kijiti mdomoni. Alikuwa ameona upande uliolegea. Akakichomeka, kikashika, akaketi ukingoni akijisugua magoti.

"Miguu inaniuma," alisema.

Kutoka juu ya mkuyu kina kilionekana chote kikiwa na rangi ya shaba, na mlangoni, kwa kuwa ilikuwa zamu yake, Baba Mafunjo alikuwa amesimama peke yake akivua. Upande wa juu lilikuwapo umbo jingine, fupi, lenye masikio mawili, na ukingoni mbele yake umbo la tatu lililoketi bila kusinzia.

"Mama, yule naye ni korongo?" aliuliza Kishungi huku mdomo umejaa.

"Hapana. Ni mtu aliyetutungia shindano."

"Hachoki?"

"Anachoka."

"Hakuna wa kumwambia pole?"

Mama Kishungi alikuwa akihesabu. Kishungi, Tope, Kitinda aliyekuwa bado analia huku amejaa, Baba Kishungi na magoti yake. Wote wapo. Akatandaza bawa juu yao kabla ya kujibu.

"Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole," alisema. "Haya, maliza kula ulale."